Lilizimika fainali ya 1993, likawaka 2025: Kobe wa namba tatu

JUMAPILI ya Mei 25, 2025, wakati mashabiki wa Simba wakiwa wameshavuka maji kwenda Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kuna mmoja alibaki Mtoni Mtongani, Dar es Salaam, akiwa amelala chali chini ya gari na tochi ya simu mkononi, mchana kweupe. Alikuwa anatafuta tone la mafuta. Hakuliona. Akatoka, akajipangusa jezi, akazunguka gari, akalala tena upande wa pili.

Nauli ya boti alikuwa nayo, na tiketi asingeshindwa. Tatizo ni kwamba miezi kumi nzima alikuwa amejiapiza kuifuata fainali hiyo kwa gari lile lile lililompeleka kwenye fainali ya 1993. Na Volkswagen haipandi boti ya abiria.

Ana miaka 41. Zamani alikuwa beki wa kushoto wa timu moja ya ligi daraja la pili hapo Temeke, mfupi, mbishi, mguu wa kulia wa kusimamia tu. Siku hizi anatunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu kuna hesabu mbili tatu za gari hili ambazo mkewe hajazisikia, na mkewe anasoma gazeti. Waliocheza naye watamjua tu.

SIKU BOLI ZOZO ALIPOLIZA TAIFA

Kila shabiki wa Simba mwenye umri wake anaikumbuka Novemba 1993. Fainali ya Kombe la CAF, mechi ya kwanza Abidjan dhidi ya Stella imeisha 0-0, marudiano Uwanja wa Taifa, ule ambao leo unaitwa Uhuru. Suluhu ya ugenini, nyumbani unamalizia tu. Mji mzima ulishaamini kombe limefika, limebaki kunyanyuliwa.

Stella wakashinda 2-0. Jina la Boli Zozo mpaka leo halitajwi Msimbazi bila mtu kuguna.

Yeye alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye mabega ya baba yake, karani wa bandarini, Simba wa kulia machozi. Walikwenda uwanjani na Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1968, rangi ya bluu, ambayo mzee aliinunua mkononi mwa mtu miaka ya themanini. Watoto wa mtaani walikuwa wanaliita Kobe, kwa ule mgongo wake.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeongea ndani ya gari. Wakiwa Barabara ya Kilwa, mtoto akaona taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi. Akamwambia baba yake. Mzee hakujibu, alikanyaga mafuta tu. Kwa Azizi Ally gari likagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, likatoa moshi, likanyamaza. Mashabiki wenye jezi nyekundu waliokuwa wanarudi kwa miguu wakaweka huzuni pembeni, wakalisukuma mpaka Mtongani.

Likaegeshwa chini ya mwarobaini. Mzee akasema atalitengeneza mwezi ukiisha. Miezi iliisha mingi. Mzee mwenyewe akafariki, kuku wakataga kwenye siti ya nyuma, vizazi vitatu vya paka vikazaliwa ndani ya buti la mbele, maana gari hili buti liko mbele na injini iko nyuma, na Kobe akabaki pale pale.

MILIONI TATU NA DAFTARI

Julai 2024 kikoba cha mtaani kilivunjwa, akapata mgawo. Pesa ile ilikuwa na mwenyewe: bati za chumba cha uani. Hapo ndipo mechi ilipochezwa kwanza, nyumbani, na haikuwa ya kirafiki. Mkewe alikubali baada ya wiki mbili kwa masharti mawili. Moja, mwisho ni milioni tatu, hata senti moja isizidi. Mbili, kila shilingi iandikwe kwenye daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa, na daftari likae kwake.

Milioni tatu kwa gari lililolala miaka 30 ni kama kusajili kikosi cha kucheza makundi ya Afrika kwa bajeti ya ndondo. Unaweza, ila lazima ujue nani unamnunua kwa bei na nani unampandisha kutoka timu ya vijana.

Fundi akampata Keko. Mzee wa miaka sabini na kitu, kijana wake alianza kushika spana akiwa gereji zilizokuwa zinatengeneza Volkswagen tupu, zamani ambapo mapadri, walimu na mabwana shamba wote waliendesha Beetle. Ana kasoro moja tu kwa mujibu wa mteja wake. Ni Yanga.

Fundi alifika Mtongani, akalizunguka gari kimya, akachukua bisibisi akaidunga sakafu chini ya siti ya nyuma. Bisibisi ikapita mpaka kwenye majani.

"Mwanangu, hapa palikaa betri," alisema. "Tindikali imekula. Hili kila Beetle linakufa hapa hapa."

"Linapona, mzee?"

"Linapona. Wewe je, mfuko wako unapona?"

NAMBA TATU

Injini ya Beetle haina rejeta wala maji. Silinda nne zimelala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, na zinapozwa na upepo wa feni. Feni hiyo inazungushwa na mhimili wa dinamo, na dinamo inazungushwa na mkanda mmoja tu. Mkanda ukikatika, dinamo inasimama, taa nyekundu inawaka. Dereva asiyejua anafikiri ni suala la betri, ataangalia akifika. Kumbe na feni imesimama, na injini inaungua taratibu mgongoni kwake. Geji ya joto hakuna. Ile taa ndiyo refa wako, ikipuliza unasimama.

Kuishusha injini yenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Imefungwa na bolti nne tu kwenye giaboksi. Ukishatoa nyaya, mpira wa mafuta na waya wa akselereta, unaweka jeki, unaivuta nyuma, inashuka. Fundi, mteja na vijana wawili wa bodaboda waliifanya kabla chai haijapoa.

Alipoifungua, fundi aliita. Valvu ya kutolea moshi ya silinda namba tatu ilikuwa imekatika kichwa, kichwa kimedondoka ndani na kutoboa pistoni. Silinda nyingine zilikuwa zimechoka lakini nzima.

Kwa nini namba tatu? Kwa wanaozijua injini hizi za zamani, hilo si fumbo. Kipozeo cha oili kimewekwa ndani ya boksi la feni, upande wa kushoto, juu kabisa ya njia ya upepo unaokwenda namba tatu. Kwa hiyo wenzake wanakula upepo safi, yeye anakula mabaki yenye joto. Wajerumani wenyewe waliliona hilo, wakakisogeza kipozeo kwenye modeli za kuanzia miaka ya sabini mwanzoni. Gari la 1968 halikuipata bahati hiyo. Siku ile mkanda ulipokatika, wa kwanza kufa alikuwa yule yule anayeonewa kila siku.

Mwenye gari alicheka mpaka akakaa chini. Miaka tisa ya kucheza mpira alivaa jezi namba tatu, upande wa kushoto, upande ambao kocha hakuwahi kumpa winga wa kumsaidia kukaba.

Seti ya pistoni na silinda zake ilitoka Nairobi, Kirinyaga Road, ikaja na basi ndani ya boksi la biskuti. Hiyo ilimeza zaidi ya laki sita peke yake, na daftari lilisomwa kwa sauti usiku huo. Silinda hedi haikununuliwa mpya. Fundi alikuwa nayo moja kwenye rafu yake tangu enzi, akaiuza kwa bei ya kindugu, ikapelekwa Gerezani kusagwa valvu. Kabureta ilichemshwa, ikasuguliwa kwa mswaki, ikabadilishwa gasketi na sindano. Dinamo ya zamani ilifunguliwa, ikawekewa kaboni mpya, ikafanya kazi kama haijawahi kulala.

Pale unaona kwa nini gari hili watu maskini wamelipenda dunia nzima.

KUTOKA WOLFSBURG HADI KWA MUJICA

Ukiipenda Bundesliga, unaijua Wolfsburg. Mji wenyewe ulianzishwa 1938 kwa ajili ya kiwanda cha gari hili, na klabu ya VfL Wolfsburg, mabingwa wa Ujerumani msimu wa 2008/09 kwa mabao ya Grafite na Edin Dzeko, mpaka leo ni mali ya Volkswagen. Beetle zilizotoka duniani zimepita milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003.

Wabrazili wanaliita Fusca. Walipochukua Kombe la Dunia 1970 na kikosi cha Pele, meya wa Sao Paulo, Paulo Maluf, aliwazawadia mabingwa wale Fusca moja moja. Zawadi ilimtokea puani, akashitakiwa kwa kutumia fedha za umma, na kesi ikakokota hadi 2006 ndipo akasafishwa. Kwa wachezaji wa leo, ukimzawadia bingwa wa dunia gari la aina hiyo atafikiri unamtania. N'Golo Kante labda angepokea, yule aliyekuwa anakwenda mazoezini na Mini wakati wenzake wanashindana magari ya bei mbaya.

Uruguay nako kulikuwa na Jose Mujica, rais wa 2010 hadi 2015, yule aliyewaporomoshea FIFA maneno makali walipomfungia Luis Suarez kwa kumng'ata Chiellini. Gari lake lilikuwa Beetle ya bluu ya 1987. Mwaka 2014 iliripotiwa ameahidiwa dola milioni moja aliuze, na hakuliuza. Alifariki Mei 13, 2025, siku kumi na mbili kabla ya mechi ya Amaan, na fundi wa Keko alisikia habari hiyo redioni akiwa anafunga breki za nyuma.

Na sisi huku tusijisahau. Safari Rally ilipokuwa bado changa, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope ya masika, Beetle iliibuka mshindi 1954, 1957 na 1962. Gari lenye nguvu kama ya pikipiki mbili za leo. Injini kuwa nyuma inakandamiza matairi yanayosukuma, basi matopeni linatambaa huku magari makubwa yanalia.

PALE WALIPOBANA, PALE WALIPOACHIA

Sakafu ilikatwa yote upande wa betri na nusu upande wa dereva. Fundi bodi alileta bei ya sakafu iliyokwisha pigwa kutoka nje, ikakataliwa kabla hajamaliza sentensi. Wakanunua shiti, wakakunja wenyewe kwa kufuata kipande cha zamani, wakachomelea. Si nzuri kwa kutazama. Ila iko chini ya zulia, na zulia ni la mkeka.

Viti vilikwenda kwa fundi cherehani wa jirani, vikarudi na kitambaa cha mabaki, siti ya dereva haifanani na ya abiria. Bampa zilisuguliwa kwa majivu. Redio hakuna. Mpira wa madirisha walikuta wa gari jingine, wakaukata na kuugandisha.

Rangi ndiyo iliyoleta maneno. Mwenye gari alitaka nyekundu. Fundi akasema yeye mkono wake haushiki rangi hiyo, atafute mwingine. Wakabishana siku tatu kama watani wanavyobishana, mpaka daftari likatoa hukumu kwamba pesa ya rangi hakuna, ya nyekundu wala ya kijani. Kobe amebaki na bluu yake iliyopauka na viraka vya kijivu vya praima pale walipochomelea. Kwa mbali anaonekana kama amepigwa na ndege.

Lakini kuna sehemu fundi hakutaka kusikia neno bajeti. Mipira ya petroli ilitolewa yote, ikawekwa mipya, kwa sababu tangi liko mbele, injini iko nyuma, na mpira mkavu ukipasuka juu ya injini ya moto gari linaungua lote. Breki hivyo hivyo: silinda za magurudumu, mipira yake, master silinda, shuu, vyote vipya. Matairi ya inchi 15 membamba yale siku hizi kuyapata ni shughuli; walizunguka Ilala hadi Tandika wiki tatu, wakayapata manne kwa laki tano na ishirini. Kwenye daftari mstari huo mkewe aliupigia duara kwa kalamu nyekundu.

Na mkanda wa feni. Fundi alisema vinunuliwe viwili, shilingi 15,000 kila kimoja, kimoja kifungwe na kingine kikae chini ya siti pamoja na spana ya 21 na bisibisi kubwa. Mwenye gari akanunua kimoja. Kwenye msumari wa gereji kulikuwa na mkanda wa zamani unaning'inia, mkavu kidogo lakini haujakatika. Akauomba bure, akaufunga huo kwanza ili autumie uishe, kipya akakiweka chini ya siti. Fundi alimtazama tu.

USIKU WA AL MASRY

Huku spana zinazunguka, Simba nayo ilikuwa inatambaa kwenye Kombe la Shirikisho. Septemba 2024 ikawatoa Al Ahli Tripoli kwa 3-1 kwa Mkapa, Desemba Kibu Denis akawapiga CS Sfaxien bao la jioni kabisa, Simba ikaongoza kundi. Kila hatua ilipovukwa, kazi ya gari iliongezwa kasi. Jamaa alianza kusema waziwazi kwamba Simba itafika fainali na Kobe atakuwepo.

Injini iliwaka kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Aprili 2025. Ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikashika. Mlio wa Beetle ukiujua huwezi kuuchanganya na wa gari jingine. Wazee wawili wa mtaani walitoka nje bila kuitwa. Mama yake mzazi alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akarudi ndani bila kusema kitu.

Siku chache baadaye, Aprili 9, ilikuwa robo fainali ya marudiano na Al Masry. Simba ilikuwa nyuma mabao mawili. Breki za mbele za gari zilikuwa zimefungwa, za nyuma bado. Jamaa akaona hakuna neno. Kutoka Keko hadi kwa Mkapa ni pua na mdomo, atakwenda polepole.

Saa nane mchana alifika gereji amevaa jezi, akaingia, akazungusha ufunguo. Starta ikazunguka, injini haikuwaka. Akajaribu mpaka betri ikaanza kulegea. Fundi alikuwa kwenye benchi anakunywa kahawa.

"Mzee, mbona moto hauendi?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kidude cha plastiki ukubwa wa gumba. Ilikuwa rota ya distributa. Bila hiyo hakuna plagi inayopata moto.

"Kuwaka si kutembea," alisema. "Wewe una mtoto. Nenda na daladala."

Alikwenda na daladala, amenuna. Elie Mpanzu akafunga, Steven Mukwala akafunga, ikawa 2-2 kwa jumla, Simba ikapita kwa penalti 4-1. Alirudi amepoteza sauti na hasira zote zimekwisha. Kesho yake alipeleka vitumbua gereji.

Nusu fainali na Stellenbosch, mechi ya nyumbani ilipigwa Amaan kwa sababu uwanja wa Mkapa ulikuwa kwenye ukarabati. Bao la Jean Charles Ahoua, halafu suluhu Afrika Kusini, Simba fainali. Hesabu za jamaa zikawa nyepesi. Marudiano na RS Berkane yatakuwa nyumbani, Mkapa itakuwa tayari, na kufikia hapo breki za nyuma zilikuwa zinafungwa. Pesa iliyobaki haikutosha bima. Akauza baiskeli. Hiyo ni moja ya zile hesabu.

Mei 17 Simba ikachapwa 2-0 Berkane. Siku chache baadaye ikaja taarifa: hali ya nyasi za Mkapa hairidhishi, fainali inakwenda Amaan.

Mvua za masika, nyasi, CAF, kila mtu alikuwa na wa kumlaumu wiki ile. Yeye alilaumu bahari.

SAFARI YA JUMAPILI

Basi Jumapili ile aliamua vinginevyo. Saa sita mchana alimpakia mkewe mbele, mama yake na binti yake wa miaka tisa nyuma, akawasha gari, akatoka Mtongani kwenda Uwanja wa Uhuru. Geti lilikuwa limefungwa. Akaegesha nje, upande ambao anakumbuka baba yake aliegesha, wakakaa ndani ya gari kama robo saa wakila karanga. Mlinzi alikuja kuuliza kama wamepotea. Bibi akamjibu kwamba wamekuja kulionyesha gari uwanja.

Kisha wakaenda Keko kuangalia mpira gerejini kwa fundi, ambaye alikuwa amevaa jezi ya njano kwa makusudi. Joshua Mutale alipofunga mapema, jamaa aliruka mpaka akapiga kichwa kwenye boneti iliyokuwa wazi. Hapo likibaki moja tu kusawazisha matokeo ya jumla. Lakini Yusuf Kagoma akala nyekundu, Simba ikabaki pungufu, dakika zikakimbia, na mwishoni kabisa Berkane wakasawazisha. 1-1, kombe limekwenda Morocco. Fundi hakutania. Alizima televisheni, akawapa wageni maji ya kunywa.

Walitoka Keko giza linaingia. Ndani ya gari hakuna aliyeongea. Barabara ya Kilwa ilikuwa imejaa jezi nyekundu zilizotoka kwenye vibanda umiza, zimeinamisha vichwa. Walipofika Uhasibu, vituo vichache kabla ya Kwa Azizi Ally, binti akasogeza kichwa katikati ya siti.

"Baba, taa nyekundu imewaka."

Alizima injini kabla gari halijasimama. Likaserereka lenyewe hadi pembeni. Akashuka, akafungua kifuniko cha nyuma, na pale mkanda wa bure ulikuwa umejikunja chini kama nyoka aliyegongwa.

Vijana watano wa Simba wakasogea. Mmoja akauliza wasukume hadi wapi. Akawaambia asanteni, hakuna kusukuma. Akatoa kipya chini ya siti, spana ya 21, bisibisi. Bisibisi inashikilia puli isizunguke, spana inalegeza nati, puli inafunguka nusu mbili, unapanga zile washa za katikati mpaka mkanda ukaze sawasawa, unafunga. Binti alishika tochi ya simu. Alipomaliza alisubiri injini ipoe, akashika silinda hedi ya kushoto kwa mgongo wa kiganja, akasubiri tena. Wale vijana walibaki wanatazama, wakasahau kidogo habari ya Berkane.

Ikawaka mara ya kwanza. Wawili kati yao walikuwa wanakwenda Mtongani, wakajibana nyuma na bibi, binti akapakatwa mbele.

Wakiwa wamepita Kwa Azizi Ally, mkewe akauliza ule mkanda uliokatika ulikuwa shilingi ngapi. Akasema ulikuwa wa bure. Mkewe akanyamaza mpaka walipofika nyumbani. Alipoingia ndani alichukua daftari, akaandika chini ya mstari wa mwisho: mkanda wa akiba, 15,000, kesho asubuhi.